Ukihamia Tanga, chukua namba ya mwisho

Barua ya kazi ilinikuta Njombe, mwezi wa saba, nimejifunika blanketi mchana kweupe. Anayeijua Njombe ya mwezi wa saba hataniita mvivu. Barua ilinitaka niripoti kwenye kituo cha kukusanyia maziwa nje kidogo ya jiji la Tanga, upande wa Pongwe, nikawe mpimaji. Mama aliuliza jambo moja tu: "Huko tuna ndugu?" Hatukuwa na hata mmoja.

Huu ni mwaka wangu wa pili huku. Kila nikienda nyumbani likizo hakosi mdogo wangu aliyemaliza chuo, kapangiwa Mtwara au Kigoma, ananivuta pembeni: dada, ulizoeaje? Nimechoka kujibu nusunusu, nimesimama mlangoni na begi mkononi. Haya hapa majibu.

Anza na nyumba. Wengi wakishika mshahara wa kwanza hukimbilia chumba chenye choo ndani, geti na ukuta. Mimi sikuwa na hela hiyo, nikapanga Ngamiani, Barabara ya 13, katika nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani bomba moja la watu wote. Ningekuwa na hela ningekosea. Mitaa ya Ngamiani huitwa kwa namba, jambo ambalo ni neema kwa mgeni, maana ajuaye kuhesabu hapotei. Na bomba moja lina foleni, na kwenye foleni huwezi kusimama kama mlingoti. Utasalimia tu. Wiki ya kwanza nilikuwa nasalimia kwa mkato, "shikamoo," kisha nainama kwenye ndoo yangu. Huku salamu ni ndefu. Unaulizwa umeamkaje, nyumbani hawajambo, kazi yaendaje, na wewe unarudisha yote hayo kwa zamu yako. Niliona kama kupoteza muda mpaka siku niliyoumwa homa nikashindwa kutoka. Saa mbili mlango ukagongwa. Walikuwa wanaidai salamu yao.

Sasa kazi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoharibu.

Mpimaji wa maziwa anafika kituoni kabla jua halijachomoza vizuri. Wafugaji wanaanza kuingia saa kumi na mbili, wa baiskeli, wa bodaboda, wa miguu, kila mmoja na chombo chake cha alumini. Unafunua, unanusa, unatazama. Unachanganya maziwa kidogo na spiriti kwa kipimo sawa. Yakigandamana yameanza kuchacha, hayapokelewi. Kisha unaingiza laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea, unasoma namba kinapokatwa na uso wa maziwa. Maziwa mazuri ya ng'ombe husoma baina ya 26 na 32. Ikishuka chini ya 26, mtu wa kwanza kushukiwa ni maji.

Kwa maneno mengine, kazi yangu ni kuwaambia watu "hapana" asubuhi, kabla hawajanywa chai. Si njia rahisi ya kupata marafiki.

Wiki ya tatu alikuja mzee mmoja na baiskeli, lita 14. Laktomita ikasoma 25. Nikamwambia mbele ya foleni kwamba maziwa yake yana maji, sipokei. Hakupandisha sauti. Alifunga chombo chake taratibu, akasema: "Mwanangu, maji nyumbani kwangu nanunua kwa dumu. Nitayatia kwenye maziwa kwa utajiri gani?" Akapanda baiskeli akaondoka, na foleni yote ikanyamaza kwa namna ambayo sitaisahau.

Chombo cha pili kikasoma 25 na nusu. Cha tatu 25. Hapo ndipo nilipoona kuna jambo, nikatia kipimajoto. Nyuzi 30.

Laktomita yetu imetengenezwa isome sawasawa kwenye joto la nyuzi 20. Maziwa yakiwa ya moto zaidi yanakuwa mepesi, kijiti kinazama, namba inashuka. Kwa hiyo kila nyuzi moja juu ya 20 unaongeza nukta mbili ya alama. Nyuzi 10 za ziada ni alama 2 kamili. Ile 25 ya mzee ilikuwa 27. Maziwa yake yalikuwa safi kabisa.

Nilijua hesabu hiyo. Chuo cha mifugo Mpwapwa tulifundishwa, na kwenye mtihani niliijibu. Lakini mazoezi ya vitendo niliyafanyia kwetu Njombe, ambako baridi ya alfajiri huyapoza maziwa njiani, na mkono wangu ukazoea kusoma namba na kusonga mbele. Nilikuwa nimekuja pwani na mkono wa Njombe.

Mwenzangu mmoja pale kazini alinishauri ninyamaze: mzee alipwe lita zake kimyakimya, mambo yaishe. Alikuwa na nia njema. Ila ile aibu nilimpa mbele ya watu, na kumrudishia heshima yake sirini ingekuwa nusu. Asubuhi yake, foleni ikiwa imejaa, nilimwita nikamwambia: jana mimi ndiye niliyekosea, maziwa yako hayakuwa na maji, nisamehe. Akatazama chini, akatazama juu, akasema, "Basi pima ya leo." Nikapima, safari hii kwa kipimajoto juu ya meza, na namba nikamsomesha yeye mwenyewe.

Tangu siku hiyo kila mfugaji anasoma kipimajoto chake, mimi nahesabu kwa sauti. Maziwa mabovu bado nayakataa, na wapo wanaotia maji kweli, tusidanganyane. Lakini aliyeona namba kwa macho yake huondoka na hasira ndogo. Vijana wa bodaboda wakanipa jina, Dada Laktomita, na jina likafika Ngamiani kabla yangu. Nilishuka daladala siku moja nikaitwa hivyo na muuza machungwa ambaye sijawahi kumwona. Kwa hiyo ukiniuliza kazi inamzoeshaje mtu mji, nitakwambia watu walianza kunizoea siku niliyokosea wakaniona. Zile wiki mbili nilizokuwa napatia kila kitu hakuna aliyeniuliza hata ninatoka wapi.

Kitabu nacho kilinizoesha mji kwa njia nyingine. Jioni za Tanga huwezi kukaa chumbani, joto linakufukuza. Nikawa natoka kibarazani na kitabu nilichokinunua Mpwapwa kwa muuza vitabu vya mitumba, *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini* cha Shaaban Robert. Nilikinunua chuoni kwa sababu mle ndani anasimulia alivyohamishwa kikazi kutoka pwani kwenda Mpwapwa, na mimi nilikuwa Mpwapwa, nikataka kujua mtu wa pwani alituonaje sisi wa bara. Sikuwaza kwamba siku moja nitaishika njia hiyohiyo kinyumenyume, kutoka huko kuja kwao. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapahapa Tanga, mwaka 1909, na kazi yenyewe aliyoifanya maisha yake ilikuwa ya ukarani, forodhani na kwenye ofisi nyingine za serikali. Alikuwa mfanyakazi wa kupangiwa vituo, kama sisi.

Bibi mwenye nyumba aliniona siku tatu bila kusema kitu. Ya nne akauliza, "Hicho unachokisoma hakina sauti?" Macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Nikaanza kumsomea. Sikumaliza ukurasa.

"Umesema nini hapo?"

"Zarura, Bibi."

"Zarura ndiyo nini? Dharura. Toa ulimi kidogo, haung'atwi na mtu."

Hapo nikagundua kwamba Kiswahili nilichokisema miaka yote kilikuwa na mapengo. Zambi, gali, zahabu, samani kwa maana ya thamani. Bibi hakuacha hata moja ipite. Ukurasa mmoja tuliusoma jioni nzima, na majirani wakasogea, kwanza wanicheke, baadaye wabishane na Bibi kuhusu neno fulani kama Wadigo wanalitumia hivi au Wabondei ndio wanaolitumia vile. Kitabu kikawa kisingizio. Mtu akipita na kuuliza "mmefika wapi?" ameshakaa.

Ushauri wangu basi: chukua kitabu kimoja, na kiwe cha watu wa hapo unapokwenda, usome nje, kwa sauti ikiwezekana. Na ukisahihishwa usijitetee. Nilijaribu mara moja kumwambia Bibi kwamba bara tunasema hivyo na tunaelewana. Akajibu, "Bara mnaelewana. Mimi je?"

Maktaba ya mkoa nayo usiipite, lile jengo la enzi za Mwingereza lililopewa jina la Mfalme George wa Sita. Jumamosi huwa naenda kusoma magazeti, na wazee wa magazeti wana viti vyao. Ukikalia kimojawapo utajua. Ndiko nilikosoma kwamba mkonge, ambao ukitoka mjini kuelekea Muheza unauona mistari kwa mistari kama wenyeji wa tangu kuumbwa kwa dunia, uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 1,000 ilisafirishwa kutoka Florida kupitia Ujerumani, ikafika hai 62. Siku hiyo nilikuwa nimekasirishwa na mtu kituoni, na namba hiyo ilinipooza sijui kwa nini.

Chakula nitasema kwa kifupi: acha kutafuta viazi mviringo vya Njombe. Asubuhi kula mbaazi za nazi na mahamri kama wenzako. Mama wa chumba cha pili ndiye anayeyauza, na deni la mahamri mawili ni mwanzo mzuri wa udugu, mradi ulilipe.

Limebaki la mchezo. Mtaani kwetu wanawake 12 wanacheza, kila mwezi elfu 30 kila mmoja, anayefikiwa anaondoka na 360,000. Kijumbe ni mama wa nyumba ya tatu, ana daftari la jalada gumu na kumbukumbu kali kuliko daftari. Mwezi wangu wa pili akanikaribisha. Nikafurahi, mpaka alipoisoma orodha: mimi wa 12.

Nilimuuliza kwa nini, maana nilihitaji godoro na feni. Akacheka. "Mwanangu, Tanga hii, waja leo waondoka leo. Wa kwanza akipokea akapanda basi, nitamfuata Njombe mimi?"

Niliumia. Niliona nimeitwa mwizi kwa adabu. Usiku nikapiga hesabu: miezi 11 nitakuwa natoa tu, wengine wanachukua. Karibu nijitoe. Kilichonizuia ni yule mzee wa lita 14, ambaye mimi nilimshuku kwa namba moja tu, bila hata kipimajoto. Kijumbe alau alikuwa na sababu.

Nikachukua ya 12. Na namba ya mwisho ina kazi yake, ambayo huioni siku unapopewa. Kila mwezi unaingia nyumba ya mtu aliyefikiwa, unakunywa chai yake, unajua amenunua nini: huyu cherehani, huyu ada ya mtoto, yule bati. Miezi 11 nimeingia nyumba 11. Aliyepokea wa kwanza hakuwa na haraka ya kuzijua zote. Nililala bila feni mpaka mwezi wa nne, nikanunua kwa mshahara, na godoro nikauziwa kwa nusu bei na yule wa cherehani. Zamu yangu ilipofika walikuja wote, nikawapikia makande ya kwetu. Bibi alikula, akasema yanahitaji nazi.

Mwezi uliopita mzunguko mpya ulianza. Kijumbe alifungua daftari kibarazani kwetu, akasoma majina, akanipa namba ya nne. Ya 12 ilikwenda kwa mwalimu mgeni kutoka Singida aliyehamia chumba cha mbele, hata mapazia hajaweka. Mwalimu akauliza kwa sauti ya chini kwa nini yeye awe wa mwisho.

Kijumbe hakumjibu. Alinigeukia mimi.