Jinsi ya Kumpima Kiungo Mkabaji

Msimu wa 2023/24 Manchester City walipoteza mechi tatu tu za Ligi Kuu ya Uingereza: dhidi ya Wolves, Arsenal na Aston Villa. Zote tatu kiungo wao mkabaji, Rodri, alikosekana, akitumikia adhabu za kadi. Septemba 2024 akaumia goti, na City, waliokuwa wametwaa ubingwa mara nne mfululizo, wakamaliza msimu nafasi ya tatu. Thamani ya kiungo mkabaji, yaani namba sita, imo zaidi katika mashambulizi ambayo wapinzani hawakufanikiwa kuyaanzisha. Ili uione, fanya haya.

1. Mtazame yeye, mpira uuache. Kaa jukwaa la juu ukiweza, kwa kuwa kamera za runinga hufuata mpira. Beki wa pembeni akipanda, je, kiungo huyu anaziba pengo lake? Anasimama kwenye njia ya pasi inayokwenda kwa mshambuliaji?

2. Hesabu sekunde tano baada ya timu yake kupoteza mpira. Mkabaji mzuri huwa ameshajipanga: anapora, au anamchelewesha mwenye mpira mpaka wenzake warudi. Anayeteleza chini kila mara hushangiliwa sana, lakini mara nyingi anarekebisha kosa la kusimama mahali pasipofaa.

3. Mpime akiwa na mpira. Je, anageuza shingo kuangalia nyuma yake kabla ya kupokea? Akibanwa, pasi yake inavuka mstari wa wapinzani, au kila mara inarudi kwa kipa? Asilimia kubwa ya pasi zilizofika haina uzito kama zote ni za mita tano kwenda nyuma.

4. Zisome takwimu kwa haki. Tuseme mmoja anapora mipira 4 kwa mechi katika timu inayomiliki mpira kwa asilimia 65, mwingine anapora 5 katika timu inayomiliki asilimia 40. Wa pili anaonekana bora. Lakini wapinzani wa yule wa kwanza wana mpira kwa asilimia 35 tu, na wa yule wa pili asilimia 60. Gawanya mipira aliyopora kila mmoja kwa asilimia hizo, utaona wa kwanza anapora zaidi kwa kila muda ambao wapinzani wana mpira.

5. Linganisha timu akiwepo na asipokuwepo. Real Madrid walikuwa mabingwa wa Hispania mwaka 2003, wakamuuza kiungo wao mkabaji Claude Makélélé kwa Chelsea, na msimu uliofuata wakamaliza nafasi ya nne. Hata hivyo, kiangazi cha 2003 kocha Vicente del Bosque na beki Fernando Hierro nao waliondoka. Kabla ya kumpa mtu mmoja sifa au lawama zote, angalia nani mwingine hakuwepo na mpinzani alikuwa nani.

6. Mpime kwa mahitaji ya timu yako. Timu inayokaa na mpira inahitaji mpigaji pasi kama Rodri. Inayosubiri na kushambulia kwa kushtukiza inamhitaji mtu wa mbio kama N'Golo Kanté, aliyetwaa ubingwa wa Uingereza na Leicester mwaka 2016, kisha na Chelsea mwaka 2017.

Usitoe hukumu kwa mechi moja. Tazama kadhaa, za nyumbani na za ugenini, hasa zile ambazo timu yake ilitangulia kufungwa: hapo wenzake wote hupanda, na ulinzi wa katikati hubaki mikononi mwake.