Pori Likiwa Kijani, Je, Limepona?

Leo tutajifunza kupima utajiri wa pori letu. Hatuhitaji mashine. Tunahitaji kamba, vijiti vinne, daftari na kalamu.

Sisi wa Dodoma tunajua jinsi ardhi inavyoharibika. Kule Kondoa, maji ya mvua yalichimba makorongo makubwa. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Wafugaji walipata taabu. Lakini nyasi na miti iliota tena.

Je, pori likiwa kijani ndiyo limepona? Siyo lazima. Pengine limejaa aina moja tu ya mti. Wadudu wakiushambulia mti huo, mbuzi watakula nini? Dawa, kuni na nguzo tutapata wapi? Aina zikiwa nyingi, huu ukikauka, ule huenda ukabaki.

Basi tupime hivi:

1. Twende porini wakati wa masika, majani yakiwepo. Tuwaombe wazee waje nasi. Wao wanayajua majina ya miti kwa Kigogo au Kirangi.

2. Tupime hatua 30 kila upande. Tusimike vijiti kwenye pembe nne, tuzungushe kamba.

3. Tuandike jina la kila aina na idadi yake.

4. Tufanye hivyo mahali pengi: bondeni, mlimani na karibu na lambo. Tusichague penye miti mizuri tu. Hapo tutajidanganya wenyewe.

Sasa tazama mfano huu. Kila eneo lina miti 20 ya aina nne.

Eneo A: migunga 5, mikole 5, milama 5, mipingo 5.
Eneo B: migunga 17, mkole 1, mlama 1, mpingo 1.

Ukihesabu aina tu, utasema maeneo haya ni sawa. Lakini si sawa hata kidogo! Mwaka 1949 Mwingereza Edward Simpson alieleza njia ya kupima tofauti hiyo. Sisi tutaifanya kwa urahisi. Zidisha kila idadi kwa idadi hiyo hiyo, kisha jumlisha:

A: 25 + 25 + 25 + 25 = 100
B: 289 + 1 + 1 + 1 = 292

Jumla ya miti ni 20, na 20 mara 20 ni 400. Gawa 400 kwa kila jibu:

A: 400 kwa 100 = 4
B: 400 kwa 292 = kama 1.4

Maana yake, Eneo A lina aina nne kweli. Eneo B ni kama lina aina moja na kidogo, ingawa majina ni manne. Mkole ule mmoja ukikatwa kuni, mikole imekwisha pale.

Tutunze daftari letu. Mwakani turudi pale pale, tuhesabu tena. Jibu likipungua, tuitishe mkutano wa kijiji mapema.

Zoezi: Eneo C lina migunga 10 na milama 10. Jibu lake ni ngapi? Kati ya B na C, lipi lina mchanganyiko mzuri zaidi?

(Jibu: 2. Eneo C.)