Kuweka na Kuondoa Kinga ya Virusi kwa Amri za Kuandika

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Katika chumba chetu cha kompyuta kumezuka hoja. Wenzetu wengine wasema kinga ya virusi iondolewe katika mashine kuukuu, kwa kuwa yazifanya ziende polepole. Wengine wasema ikiondolewa tutajuta, maana katika shule ya bweni flashi moja hupita mikononi mwa watu wengi kabla jua halijatua. Mimi naona kila upande una haki yake. Lakini hoja hii haiwezi kukatwa na mtu asiyejua kinga hiyo huwekwaje na huondolewaje. Kwa hiyo nitaeleza.

Mashine ninazozisemea zatumia Debian, mfumo ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Kinga yenyewe huitwa ClamAV, nayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Virusi vingi vilivyotengenezwa kwa ajili ya Windows haviwezi kuidhuru Debian. Hata hivyo flashi huvibeba, ikavipeleka nyumbani au ofisini. Basi kinga hii twaiweka kwa faida ya jirani kama kwa faida yetu.

KUWEKA

Fungua dirisha la amri, uandike:

sudo apt update

sudo apt install clamav clamav-daemon

Neno la kwanza, sudo, laomba ruhusa ya msimamizi, na kompyuta itadai neno la siri. Asiyepewa ruhusa hiyo na mwalimu asijaribu. Amri ya kwanza husoma upya orodha ya vifurushi vilivyomo katika ghala la Debian. Ya pili huchukua kifurushi na vyote kinavyovitegemea.

Huenda mtu akauliza: Twajuaje kuwa kifurushi hakikuchezewa njiani? Jibu ni kwamba orodha kuu ya ghala ina sahihi ya siri isiyoweza kuigwa kwa urahisi. Orodha hiyo huthibitisha orodha ndogo, na orodha ndogo huthibitisha kila kifurushi. Kitu kimoja kikibadilishwa, hesabu hazilingani, na apt hukikataa. Ndiyo sababu haifai kuchukua kinga kutoka mahali popote tu palipoandikwa "bure".

Pamoja na kinga huja msaidizi wake, clamav-freshclam, ambaye kazi yake ni kuleta habari za virusi vipya. Mwulize kama yu kazini:

systemctl status clamav-freshclam

Kinga isiyoletewa habari ni kama askari mwenye picha za wezi wa zamani tu. Wezi wapya humpita wakimwamkia.

Kupima flashi, andika:

clamscan -r -i /media

Herufi r yaiamuru iingie katika kila folda, na i itaje yale mafaili mabaya tu. Likionekana neno FOUND, faili hilo lina kasoro. Amri hii haifuti kitu. Hutoa habari tu, na uamuzi hubaki kwa mwenye flashi.

KUONDOA

Hapa ndipo hoja yetu ilipo. Kabla ya kuondoa, tazama ni nini kilichomo:

dpkg -l 'clamav*'

Herufi ii maana yake kifurushi kimewekwa. Herufi rc maana yake kimeondolewa, lakini mafaili ya mipango yake yamebaki.

Sasa, mzigo unaoilemea mashine kuukuu ni upi? Ni clamav-daemon, kwa kuwa hukaa macho mchana na usiku, akiwa ameshika orodha nzima ya virusi katika kumbukumbu ya kompyuta. Lakini clamscan hufanya kazi ile tu inapoitwa, kisha huondoka. Basi hapana haja ya kufukuza nyumba nzima kwa ajili ya mmoja. Jaribu kwanza bila kutenda:

apt-get -s remove clamav-daemon

Kompyuta itakuonyesha yatakayoondoka, lakini haitaondoa kitu. Soma orodha yote. Ukiridhika:

sudo apt remove clamav-daemon

Neno remove huondoa programu na kuacha mipango yake, ili ukiirudisha kesho isikulazimu kuanza upya. Neno purge huondoa programu pamoja na mipango hiyo. Kisha kuna amri ya kufagia vifurushi visivyohitajiwa tena na kingine:

sudo apt autoremove

Nayo pia isomwe kabla ya kukubaliwa, wala usibonyeze Y kwa mazoea.

Hivyo naona hoja yetu yaweza kumalizika kwa amani. Mashine kuukuu zipunguziwe clamav-daemon, zibakiwe na clamscan, na kila flashi ipimwe kabla ya kufunguliwa. Jambo hili lina gharama yake: mlinzi aliyekuwa tayari wakati wote hayupo tena, na ulinzi wategemea mwanafunzi kukumbuka kupima. Akisahau mmoja, wataumia wengine ambao hawakuulizwa. Kwa hiyo naomba liwepo daftari katika chumba, na kila anayeweka au kuondoa kifurushi aandike tarehe, jina la kifurushi, sababu, na jina lake.

MAZOEZI

1. Eleza tofauti ya remove na purge.
2. Dpkg imeonyesha rc mbele ya clamav-daemon. Je, mlinzi yu kazini?
3. Kwa nini tuliweka herufi -s katika amri ya kujaribu?

Mwenye njia iliyo bora kuliko hii na aiandike katika toleo la muhula ujao, nasi tutaisoma kwa furaha.