Amri ya Mahakama juu ya Mtoto, na Mzazi Asiyeitii

Katika somo hili twataka kueleza jambo ambalo wazee wa sharika huulizwa mara nyingi, wala hawana jibu la hakika. Mahakama imekwisha kuamua mtoto akae na nani, lakini mzazi wa pili hatii. Je, yule aliyepewa mtoto afanye nini? Wengi hujibu kwa haraka, “Nenda ukamchukue.” Jibu hilo limeleta magomvi mengi, na anayeumia kwanza ni mtoto mwenyewe. Basi na tulitazame jambo hili kwa utaratibu.

1. Amri hutoka wapi?

Katika Tanzania Bara mambo haya huamuliwa kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo yawahusu Wakristo, Waislamu, na wale waliooana kwa mila. Pamoja nayo iko Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa chasema kwamba neno kuu kuliko yote ni manufaa ya mtoto. Chini ya neno hilo, hakimu hutazama mambo matatu: matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe ikiwa amefikia umri wa kutoa neno lake, na mila za watu wa wazazi hao. Mtoto aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kwamba ni heri akae na mamaye. Lakini dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi, na hakimu hana budi kuangalia pia kwamba si vizuri kumsumbua mtoto kwa kumhamisha huku na huku.

Angalieni mahali pa mila katika mpango huo. Mila haikutupwa, imetajwa na sheria yenyewe. Lakini imewekwa chini ya manufaa ya mtoto, nayo hupimwa kabla ya amri kutolewa.

2. Kwa nini jambo hili ni gumu Nachingwea na Ruangwa?

Wamwera, na jirani zao Wamakua, Wayao na Wamakonde, tangu zamani huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Lakini mahali pengi pa Tanzania ukoo hufuata baba. Tena Nachingwea ilipokea watu wa makabila mengi tangu ule mpango wa kulima karanga ulioanza mwaka 1947, na watu wangali wakija kutafuta mashamba na kazi. Kwa hiyo hutokea mara nyingi kwamba baba na mama wametoka katika mila mbili. Baba asema, “Mtoto ni wa ukoo wangu.” Mjomba asema, “Mtoto ni wa kwetu.” Kila mmoja aona kwamba anatetea haki yake, wala hajioni kuwa mwasi. Ndiyo maana ugomvi huu hauishi upesi.

3. Tufanye mfano

Mama akaa Nachingwea, baba akaa Ruangwa. Mahakama iliamuru kwamba mtoto wao wa kiume akae na mama, naye baba awe naye katika likizo ya mwezi wa Juni, kisha amrudishe kabla ya shule kufunguliwa. Juni ikaja, mtoto akaenda. Shule ikafunguliwa, mtoto hakurudi. Baba alituma neno kwamba anamtia jandoni huko Ruangwa, na baada ya hapo atamtafutia shule huko huko. Mjomba alipopata habari akakasirika, kwa kuwa kwa mila yake jando la mpwawe ni shauri lake. Akakusanya vijana waende usiku kumtwaa mtoto. Na mama akasema, “Hata nikimpata, baba yake hatamwona tena kamwe.”

Katika mfano huu baba ameivunja amri. Lakini mjomba naye, akienda kwa nguvu, atavunja amani. Na mama, akilitimiza neno lake, ataivunja amri ile ile anayoilalamikia. Kukiwa na kupigana usiku, huenda mwenye haki akalala mahabusi, na mtoto akabeba moyoni hofu ambayo hakimu hawezi kuiondoa.

4. Njia iliyo halali

Kwanza, mama na awe na nakala ya amri yenye muhuri wa mahakama. Maneno ya mdomo hayatoshi, maana afisa hawezi kusimamia jambo asiloliona limeandikwa.

Pili, aisome amri vizuri. Ikiwa imesema tu kwamba baba “atamwona mtoto mara kwa mara,” itakuwa vigumu kuthibitisha kwamba imevunjwa. Yafaa kuiomba mahakama itaje siku, mahali pa kumkabidhi mtoto, na nani atakayemsafirisha.

Tatu, aandike yaliyotokea: tarehe mtoto alipoondoka, tarehe aliyopaswa kurudi, ujumbe uliotumwa, na majina ya walioshuhudia. Mwalimu wa shule aweza kuthibitisha siku ambazo mtoto hakuhudhuria.

Nne, aende kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Sheria ya Mtoto imezipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda watoto wa eneo lao, na mara nyingi mzazi mkaidi akiitwa na afisa huyo hulegea. Ikiwa mtoto yu hatarini, anapigwa au hana chakula, asingoje hata siku moja. Aende polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto.

Tano, ikiwa hayo hayakufaa, arudi katika mahakama ile ile iliyotoa amri, aombe kukazia hukumu. Hakimu atamwita baba aje kueleza kwa nini hakutii. Aweza kuamuru mtoto arudishwe, na mtu anayeendelea kukaidi aweza hata kufungwa. Tena Sheria ya Mtoto, katika kifungu cha 40, yakataza mtu kumwondoa mtoto isivyo halali kwa yule aliye na haki ya kumlea. Na mwenye hofu kwamba mtoto atavushwa mto Ruvuma hata Msumbiji aiombe mahakama mapema itoe amri ya kuzuia asitolewe nchini.

Asiye na fedha ya wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, nao huweza kumwongoza mtu bila malipo.

5. Mzazi asiyeridhika na amri afanyeje?

Labda baba wa mfano wetu ana sababu nzuri. Labda mama ameugua, au mtoto mwenyewe amekua na ataka kukaa Ruangwa. Sheria haikumfungia mlango. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa chairuhusu mahakama kuibadilisha amri ya malezi ikiwa ilitolewa kwa maelezo ya uongo au kwa kukosea habari, au ikiwa hali imebadilika sana. Tena yuko huru kukata rufaa katika muda uliowekwa. Lakini rufaa peke yake haiisimamishi amri, mpaka mahakama iagize hivyo.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Hoja zote, za mila, za ukoo, za moyo, zina mahali pake pa kusemwa, napo ni mbele ya hakimu. Amri ikiisha kutolewa, zimebaki njia mbili tu: kuitii, au kuomba ibadilishwe. Kumshika mtoto kwanza na kutoa hoja baadaye si njia ya tatu.

6. Mambo mawili yasichanganywe

Baba wengine husema, “Sitoi matunzo, maana sionyeshwi mtoto.” Mama wengine husema, “Hamwoni mtoto, maana hatoi matunzo.” Wote wawili wamekosea. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa chamwagiza baba awatunze watoto wake, wawe kwake au wawe kwa mtu mwingine. Nayo Sheria ya Mtoto yasema kwamba mtoto ambaye wazazi wake wametengana ana haki ya kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye, ila pale ambapo jambo hilo laharibu masomo yake. Haki hiyo ni ya mtoto. Mzazi hawezi kuiuza wala kuizuia ili alipwe deni lake. Asiyepewa matunzo adai matunzo, na asiyeonyeshwa mtoto adai kuonyeshwa, kila jambo kwa mashtaka yake.

7. Kazi ya wazee

Mwenyekiti wa kijiji, mjomba, shangazi na mzee wa usharika, wote waweza kupatanisha. Waweza kumwambia baba, “Mrudishe kwanza, kisha tuongee habari ya jando katika likizo ya Desemba, mjomba naye akiwapo.” Shauri la namna hiyo huokoa mwaka wa shule wa mtoto. Lakini hawana uwezo wa kuibatilisha amri ya mahakama wala kuandika nyingine mahali pake. Wala wasikubali mtoto aulizwe mbele ya watu, “Wampenda nani, baba au mama?” Swali hilo lamjeruhi. Likihitajiwa, hakimu atalitafutia njia iliyo ya upole.

Watu husema kwamba dawa ya moto ni moto. Katika jambo la mtoto sivyo, kwa kuwa yeye ndiye nyumba inayoungua.

Maswali ya kuzungumza pamoja:

(1) Katika mfano wetu, nani angefaa kwenda Ruangwa kusema na baba kabla ya kurudi mahakamani, na amwambie nini?
(2) Mila ya mjomba yaweza kuheshimiwa kwa namna gani bila kuivunja amri?
(3) Je, katika kijiji chetu yuko mtoto ambaye amekosa shule kwa sababu wazazi wake wanamgombania? Nani ataanza kumsaidia?