SOMO: BUSTANI YA CHAMA NA HESABU YA MAJI



Katika ukaguzi nilikuta chama kimoja cha msingi ambacho daftari lake lilikuwa bado na deni la miche ya nyanya, ilhali bustani yenyewe ilikauka wakati wa kaskazi. Miche ilikufa, deni halikufa.

Kosa halikuwa uvivu. Udongo wa pwani yetu ya Bagamoyo ni wa kichanga, na maji yamwagwayo asubuhi, jioni yamekwisha kuzama. Tuseme debe moja la lita 20 latosha miche 10. Basi miche 200 yadai madebe 20 kila siku, nayo hutoka kisimani vichwani mwa akina mama. Hesabu hiyo haikuandikwa popote.

Kabla ya kukopa miche, kamati na itazame Kiwangwa, wilayani humu humu, ambako mananasi hulimwa kwa mvua. Mnanasi hufungua matundu madogo ya majani yake usiku hewa ipoapo, na kuyafunga mchana wa jua kali. Hivyo hupoteza maji kidogo. Machipukizi yake huachwa siku chache ili jeraha likauke, ndipo yapandwe masika yaanzapo na kutandaziwa nyasi kavu. Kasoro yake ni kungoja: tunda huchukua mwaka mmoja na nusu hivi. Kwa hiyo kunde zipandwe kando, zitoe mboga mapema. Mchicha uachiwe tuta moja karibu na kisima.

Nijapo kukagua, nitaomba stakabadhi ya miche pamoja na hesabu ya madebe.