Picha za Mifugo Yako: Zitoe Kwenye Flashi, Ziweke Kwenye Simu



Baadhi ya vikundi vya wafugaji hupiga picha za mifugo ya kila boma siku ya chanjo au siku ya josho. Chapa, hereni, alama za masikio na rangi ya kila mnyama huonekana, na picha zote huwekwa kwenye flashi moja ya kikundi.

Huo ni utaratibu mzuri, lakini una pengo. Flashi inakaa kijijini, mifugo iko malishoni. Mtamba wako akipotea leo jioni na kesho akaonekana mnadani, picha iliyofungiwa kabatini kwa katibu haitakusaidia. Inatakiwa iwe kwenye simu ya yule anayemtafuta. Kazi ya kuihamishia huko haihitaji bando wala mtandao. Kijana wa boma au mama mwenye simujanja anaweza kuifanya kwa muda mfupi.

VITU UNAVYOHITAJI

• Simujanja. Kitochi hakiwezi kazi hii.

• OTG. Hiki ni kipande kidogo cha kuunganisha flashi na tundu la chaji la simu. Huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu. Matundu ya chaji hayafanani: simu nyingi za sasa zina Type-C, ambayo kichwa chake huingia upande wowote, simu nyingi za zamani zina tundu dogo ambalo kichwa chake huingia upande mmoja tu. Nenda dukani na simu yako pamoja na flashi, ujaribu kabla ya kulipa, kwa sababu si kila simu hukubali flashi.

• Chaji ya kutosha. Flashi hutumia umeme wa simu, na tundu la chaji litakuwa limeshikwa.

• Nafasi ndani ya simu. Picha moja huchukua MB 2 hadi 5 hivi. Kwa picha 100, hakikisha una angalau MB 500 zilizo wazi.

HATUA ZA KUFUATA

1. Pangusa vumbi kwenye flashi na kwenye tundu la simu. Chomeka flashi kwenye OTG, kisha OTG kwenye simu. Usilazimishe.

2. Fungua programu ya mafaili. Kwenye simu nyingi inaitwa Files. Kwenye Samsung ni My Files. Tafuta neno USB. Lisipoonekana, ingia Settings, tafuta OTG, uiwashe. Baadhi ya simu, kama OPPO na vivo, hazisomi flashi mpaka ufanye hivyo.

3. Gusa neno USB, fungua folda ya picha, kisha gusa picha uitazame. Angalia hapa: kuitazama picha siyo kuihifadhi. Ukichomoa flashi sasa, picha zote zinaondoka nayo.

4. Rudi kwenye orodha. Bonyeza picha moja na uishikilie mpaka alama ya vema itokee. Kisha gusa nyingine unazotaka, moja baada ya nyingine.

5. Gusa nukta tatu au sehemu ya chaguo, kisha chagua Copy. Kama simu yako iko kwa Kiswahili, itaandika Nakili. Usichague Move au Hamisha. Ukinakili, picha inabaki kwenye flashi na nyingine inakuwa kwenye simu. Ukihamisha, inatoka kwenye flashi, na wenzako wa boma jingine hawataikuta.

6. Chagua hifadhi ya ndani ya simu, tengeneza folda mpya, uiite Mifugo. Thibitisha, kisha subiri mpaka simu imalize. Usiitikise wala kuchomoa chochote.

7. Ikimaliza, chagua Eject au Ondoa kwenye ujumbe wa USB ulio juu ya kioo, au kando ya neno USB. Ndipo uchomoe flashi. Kuichomoa ghafla kunaweza kuharibu mafaili.

8. Flashi ikiwa nje, fungua folda ya Mifugo na utazame picha tatu au nne. Zikifunguka vizuri, kazi imekamilika.

HATARI MOJA KUBWA

Wakati mwingine simu husema kwamba haiwezi kuisoma flashi, ikakutaka ubonyeze Format au Set up. USIBONYEZE. Maneno hayo yanaweza kuonekana kama msaada, lakini maana yake ni kuiandaa flashi upya na kufuta kila kilichomo. Picha za kikundi kizima zinaweza kupotea kwa kidole kimoja.

Ukiona ujumbe huo, chomoa flashi na uirudishe kwa afisa mifugo au katibu, aijaribu kwenye kompyuta. Mara nyingi flashi haijaharibika. Imeandaliwa tu kwa mfumo wa NTFS, ambao simu nyingi haziusomi. Mwombe akuwekee picha kwenye flashi nyingine yenye mfumo wa FAT32.

Jambo jingine: fungua picha tu. Faili la picha mara nyingi huishia na jpg. Ukikuta faili linaloishia na apk, hiyo ni programu, si picha. Liache.

BAADA YA KUNAKILI

Weka picha kwenye simu mbili: ile inayokwenda malishoni na mifugo, na ile inayobaki bomani. Simu moja ikianguka mtoni, nyingine ipo. Kutoka simu hadi simu mnaweza kutumia Bluetooth, bila bando.

Ukimtumia mtu picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, picha hupunguzwa ubora na chapa inaweza isisomeke vizuri. Itume kama dokumenti ili ifike kama ilivyo. Fanya hivyo pia unapomtumia afisa mifugo picha ya mnyama mwenye vidonda mdomoni au mapele ya ngozi. Akiona vizuri, atajua haraka kama ni lazima aje.

Usimpe kila mtu picha hizi. Anayejua chapa, hereni na madoa ya mnyama wako anaweza kumweleza mbele ya watu kana kwamba ni wake.

Picha haichukui nafasi ya chapa, hereni wala kibali cha kusafirisha mifugo. Inaongeza nguvu ya maneno yako. Ukisema, "Huyu ni wangu, ana baka jeupe chini ya jicho la kushoto," kisha ukaonyesha picha iliyopigwa siku ya chanjo, wazee wa mnada watakuwa na cha kutazama.

Flashi ya kikundi itakapofika bomani kwako, nakili siku hiyohiyo. Usingoje mnyama apotee.