Mkono Unaosubiri: Somo la Kwanza la Upinde



Ndugu zangu na dada zangu, kulenga shabaha ni katika mambo aliyoyahimiza Mtume (S.A.W.). Katika Sahih Muslim, Uqba bin Amir (R.A.) amepokea kwamba Mtume alisoma juu ya mimbari aya ya 60 ya Surat al-Anfal, inayoamrisha kuandaa nguvu, kisha akasema mara tatu kuwa nguvu hiyo ni kulenga. Hapa West Nile upinde si mgeni. Mababu wa Kilugbara waliutumia katika uwindaji na katika vita.

Hapo ndipo penye uzito. Wazee wetu wa Arua na Koboko wanakumbuka vita na ukimbizi wa baada ya 1979. Mama akimwona mwanawe anarudi na mishale, hatauliza hadithi imepokewa na nani. Atauliza: nani ataumia? Tukitaka kufundisha wanaoanza, tuwe na jibu kabla ya kununua upinde wa kwanza.

1. Funzo la Uhud

Mwaka wa 3 Hijria, Mtume aliwaweka wapiga mishale 50 mlimani chini ya Abdullah bin Jubair (R.A.), akawaamuru wasiondoke, jeshi lishinde au lishindwe, mpaka awaite. Walipoona adui anakimbia, wengi waliteremka kufuata ngawira. Adui akarudi kwa nyuma, na Waislamu 70 wakauawa siku hiyo. Walijua kulenga, ila walishindwa kusubiri. Basi siku ya kwanza tufundishe kusubiri.

2. Uwanja na filimbi

Chagua uwanja ambao nyuma ya shabaha pana kilima cha udongo, wala hapana njia ya watu au ya boda boda. Shabaha yaweza kuwa magunia yaliyoshindiliwa nguo kuukuu. Anayeanza asimame mita 5 hadi 10 tu. Wote wapige kutoka mstari mmoja, na wanaosubiri zamu wakae nyuma yao.

Filimbi zifuate utaratibu wa mashindano ya kimataifa:
- Mbili: sogeeni mstarini.
- Moja: anzeni kupiga.
- Tatu: wekeni pinde chini, nendeni mkachukue mishale kwa kutembea, bila kukimbia.
- Tano au zaidi: acheni mara moja, kuna hatari.

Nusu saa ya kwanza zoezi hili lifanywe bila mishale. Anayetangulia filimbi arudi nyuma ya mstari, hata akiwa mwenyekiti wa jumuiya.

3. Mwili na upinde

Upinde wa kuanzia uwe mwepesi, wa ratili 16 hadi 20, yaani kilo 7 hadi 9 hivi. Mshale uwe mrefu kuliko mvuto wa mwanafunzi, usije ukaanguka nyuma ya upinde na kumchoma mkono. Miguu ikae pande mbili za mstari, upana wa mabega. Vuta kwa vidole vitatu mpaka mkono uguse taya, tulia, kisha legeza vidole. Usiachie ugwe bila mshale, kwa kuwa nguvu yote hurudi kwenye upinde na waweza kupasuka.

Dada afungie ncha za hijabu ndani ya nguo, na mkono mpana aubane kwa kinga, ugwe usinase kitambaa. Tuwatengee zamu yao na mwalimu mwanamke. Jirani yetu Kenya alibebewa bendera na mpiga mishale wa kike, Shehzana Anwar, katika ufunguzi wa Olimpiki ya Rio 2016.

4. Adabu

Bukhari na Muslim wamepokea amri ya Mtume kwamba anayepita msikitini au sokoni na mishale ashike ncha zake, asimjeruhi Muislamu. Kwetu maana yake ni kwamba mishale isafiri ndani ya podo, ncha zikiwa zimefunikwa. Tumekatazwa pia kufanya kiumbe hai kuwa shabaha. Kuku na mjusi wasiguswe hata kwa mzaha. Na mashindano yakifika, kila mchezaji asitoe pesa ili mshindi azoe zote, maana hiyo ni kamari. Zawadi itolewe na jumuiya au mfadhili.

5. Mwalimu

Katika Bukhari, Mtume aliwakuta watu wa Aslam wakishindana, akawatia moyo na kusema yuko pamoja na upande mmoja. Upande wa pili wakazuia mikono yao. Akawaambia wapige, yeye yuko pamoja nao wote. Mwalimu mwenye vipenzi huwavunja moyo wengine, nao ndio watakaoacha kuja wiki ya pili.

Maswali ya halaqa

1. Ni wapi katika masomo yako "umeteremka mlimani" kabla ya kuitwa?
2. Mzazi akikataa mtoto wake asijiunge, utamwonyesha nini uwanjani?
3. Nani katika tawi letu anafaa kushika filimbi, na kwa nini?

Allah atujaalie mikono yenye nguvu na yenye subira. Amin.